Namba Saba na Karatasi Zake

Kaka aliingia dukani saa moja usiku, mvua ya mwezi wa tatu ikinyesha, akasukuma mlango nyuma yake kama mtu anayedaiwa. Mimi nilikuwa najiandaa kufunga. Duka lenyewe ni kibanda tu cha steshenari karibu na Soko Kuu hapa Songea: kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi, na mimi. Kaka hakusalimia. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya kibodi.

"Andika upya hii," akasema. "Kila kitu kibaki hivyo hivyo. Ila hapo penye mwaka weka 2006."

Niliisoma. Ilikuwa barua ya kumtambulisha kijana mmoja wa Lizaboni, mcheza mpira, ambaye alitakiwa aanze kutafuta pasi ya kusafiria. Mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa pale ulikuwa 2008.

"Na muhuri?"

"Muhuri niachie mimi. We andika."

Kwetu watu wamezoea kukata umri. Kijana wa miaka ishirini na mbili anacheza na watoto wa kumi na saba, ndevu kazinyoa asubuhi, na uwanja mzima unajua. Hilo tulishalizoea mpaka tunalicheka. Lakini kuongeza? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuombwa nimzeeshe mtoto.

Msomaji, kabla hujamhukumu kaka yangu, na kabla hujanihukumu mimi, naomba nikurudishe nyuma kidogo.

*

Huyu ni mtoto wa baba mkubwa, ila nyumbani kwetu hakuna kupima damu kwa kijiko; ni kaka basi. Alikuwa namba saba. Watu wa Bombambili na Mfaranyaki waliokuwa wakienda uwanjani miaka ile wanamkumbuka: mwembamba, miguu imepinda kidogo, anakimbia huku ameinamisha kichwa kama anatafuta shilingi iliyodondoka. Wazee walimlinganisha na wachezaji wa Majimaji ya zamani. Na mzee wa Songea akikulinganisha na Majimaji ya zamani, ujue amekupa kila alichonacho. Hawa ni watu ambao mpaka leo wanakusimulia ubingwa wa 1986 na wa 1998 kana kwamba vyote vilikuwa Jumapili iliyopita.

Mwaka 2012 timu moja ya mkoa mwingine ilimfuata. Jina lake silitaji, haisaidii kitu. Walimfuata usiku, maana usajili wa kwetu siku zile ulikuwa kama kutorosha mwari. Alisainia karatasi juu ya boneti ya gari, mtu mmoja akimmulikia kwa tochi ya simu. Karatasi zilikuwa nne, za Kiingereza. Kaka aliishia kidato cha pili. Alisaini zote nne, wakamhesabia shilingi milioni moja na laki tano, akazipokea kwa mikono miwili. Bibi aliezekewa nyumba kwa bati zile. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa najisifu shuleni kwamba kaka yangu anacheza mpira wa kulipwa.

Mwaka 2014 goti likageuka. Wala si mechini, ni mazoezini, katika uwanja wenye mashimo, bila mtu kumgusa. Aliniambia alisikia sauti kama mtu amevunja kijiti kikavu. Wakamwambia apumzike. Akapumzika mwezi, miwili, mitatu. Mwezi wa nne akapewa barua kwamba mkataba wake umekoma kwa mujibu wa kifungu cha tisa. Alikwenda na barua ile kwa mwalimu mmoja amsomee. Mwalimu akataka kuona mkataba, akaufungua, akasoma kifungu cha tisa, akamtazama. Kilisema kwamba mchezaji akiumia akakaa nje zaidi ya siku tisini, klabu inaweza kuachana naye bila malipo yoyote. Chini ya ukurasa huo huo kulikuwa na saini ya kaka, nzuri, ya mkono wa mtu mwenye furaha.

Alirudi Songea kwa basi. Mimi ndiye niliyekwenda kumbebea begi. Lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na nguo, njumu pea moja, na ule mkataba ndani ya mfuko wa plastiki.

Mwaka uliofuata Majimaji ikarudi Ligi Kuu, mji ukachangamka. Siku moja tukaenda naye uwanjani, goti limefungwa bandeji chini ya suruali. Sikuutazama mpira hata kidogo, nilikuwa namtazama yeye. Kila winga wa kulia aliposhika mpira, kaka alikuwa anaongea peke yake, midomo inatembea: "Toa sasa. Toa. Umechelewa." Mwaka 2018 Majimaji ikashuka tena, na kaka akawa ameshaacha kwenda uwanjani kama mtazamaji. Alikuwa anakwenda kikazi.

*

Hii kazi hakuitafuta. Aliendesha bodaboda, goti likakataa. Akalima mahindi Matogoro, jembe nalo likamwonyesha kazi. Halafu, mwaka 2017, kijana mmoja wa mtaani akamwomba amsindikize Dar es Salaam kwenye majaribio, kwa kuwa yeye anawajua watu. Na kweli anawajua. Mpira ulimnyima fedha ukampa watu: makocha wasaidizi, watunza vifaa, madereva wa mabasi ya timu, wapishi wa kambini. Ukitaka kujua timu fulani inatafuta beki wa kushoto, usimuulize mwenyekiti, muulize mtunza vifaa. Hayo yote kaka alikuwa nayo katika daftari lenye jalada la bluu, namba za simu zimeandikwa kwa kalamu za rangi mbalimbali.

Safari ile ni zaidi ya kilomita 900. Alilipa nauli mbili, wakalala kwa ndugu huko Mbagala, wakala chakula cha mara moja kwa siku. Kijana akapata timu. Kaka akapewa shilingi elfu hamsini na mtu aliyempa akamwambia "ya soda."

Tangu hapo hadi 2023 aliwapeleka vijana kumi na mmoja. Watatu walisajiliwa. Wanane walirudi na yeye kwenye basi, na aliniambia hiyo ndiyo kazi yenyewe, kurudi nao. Kwenda mtu yeyote anaweza. Kurudi unakaa na mtoto wa watu saa kumi na kitu, Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, hataki kula, na wewe ndiye utakayemkabidhi kwa mama yake.

Vijiweni walimwita dalali. Jina hilo lilimuuma. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na hapa dalali tunamjua: anakukuta shambani una shida ya ada ya mtoto, anakuja na gunia lake, analijaza mpaka mdomo, halafu anashonea juu yake kilemba kingine cha mahindi, na anakulipa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Kaka alikuwa akisema, "Mimi sina lumbesa kwa mtoto wa mtu."

Nilimtafutia mifano ya kumtia moyo. Mimi ni mtu wa kusoma kila kinachopita mikononi, hata gazeti lililofungia mihogo. Nilimsimulia Scott Boras wa Marekani, aliyecheza besiboli ya kulipwa katika ligi za chini miaka ya sabini mpaka magoti yakamshinda. Besiboli ni ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, siku hizi hata Dar es Salaam upo. Boras alirudi darasani akasoma sheria, halafu akawa wakala wa wachezaji wa mchezo ule ule uliomvunja magoti. Mwaka 2000 alimpatia Alex Rodriguez mkataba wa dola milioni 252 kwa miaka kumi. Mwaka huo ulikuwa mkataba ambao haujapata kuonekana katika michezo ya Marekani.

"Magoti?" kaka aliuliza.

"Magoti."

Alinyamaza akifikiri. "Yeye walimlipia shule."

"Sijui nani alimlipia. Najua alisoma."

Nikamsimulia na Mholanzi Jos Hermens, aliyeweka rekodi ya dunia ya kukimbia kwa saa moja katikati ya miaka ya sabini, majeraha yakamtoa mapema, kisha akawa meneja wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia na Eliud Kipchoge wa Kenya. Hiyo aliielewa zaidi. Kipchoge anamjua kila mtu. Akasema, "Kumbe aliyeumia ndiye anayejua kumwangalia aliye mzima." Maneno mazuri hayo. Niliyaandika mahali. Baadaye niligundua kwamba si ya kweli moja kwa moja.

*

Mwaka 2023 mambo yakabadilika. FIFA, ambayo tangu 2015 ilikuwa imeacha kutoa leseni kwa mawakala, ikarudisha leseni na ikaweka mtihani. Maswali ishirini ya kuchagua, saa moja, na ili ufaulu upate asilimia 75, yaani kumi na tano. Lugha tatu tu: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania. Asiye na leseni haruhusiwi kufanya kazi ya uwakala. Kwa kanuni hiyo, kaka yangu pamoja na daftari lake la bluu na safari zake zote akawa mtu wa vichochoroni.

Tukaamua afanye. Nilichapisha zile kanuni kwa wino wa duka, nikamdanganya mwenye duka kwamba ni kazi ya mteja. Kila usiku nilikuwa namfasiria. Yeye anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, goti limenyooshwa, mimi nasoma Kiingereza kisha nageuza. Nakwambia, msomaji, sijapata kuandika hadithi iliyonichosha kama kurasa zile. Kila sentensi ina "isipokuwa" yake.

Lakini kaka alikuwa mwanafunzi hodari kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila kifungu alikuwa na mtu wake wa kukipachika. Nilipomsomea kwamba mkataba wa wakala na mchezaji usizidi miaka miwili, akasema, "Fulani walimfunga mitano." Nilipomsomea kwamba mchezaji wa chini ya miaka kumi na minane hahamishwi nje ya nchi yake isipokuwa kwa masharti machache sana, akatikisa kichwa. Nilipomsomea kwamba mtoto hafuatwi na wakala mpaka ibaki miezi sita au pungufu kabla ya umri ambao sheria ya nchi yake inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na hata hapo ni kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, akaniomba nirudie. Na nilipofika kwenye malipo ya wakala, asilimia tano ya mshahara wa mchezaji anayelipwa hadi dola 200,000 kwa mwaka, akacheka mpaka ndoo ikayumba. "Dola laki mbili! Sisi wa laki mbili za shilingi tumo humo?"

Tumo. Asilimia ni asilimia.

Alifanya mtihani akapata kumi na moja. Aliniletea matokeo kama mtoto aletavyo ripoti ya shule, akaniachia mezani, akatoka. Hakuzungumzia tena. Daftari la bluu likaendelea kufanya kazi, na mimi nikaacha kuuliza.

*

Sasa turudi kwenye usiku ule wa mvua, mwaka 2024.

Kijana wa Lizaboni alikuwa na miaka kumi na sita. Namba saba pia. Nilimwona mara moja tu kwenye ndondo, nikaelewa kwa nini kaka alikuwa halali usingizi. Anainamisha kichwa. Anatafuta shilingi ile ile.

Mtu mmoja wa Dar alikuwa ameona video yake, akapiga simu. Ana timu nje, huko Uarabuni, inataka kijana haraka. Tatizo ni umri tu, na umri ni wino. Akamtumia kaka laki tatu za kuanzia, na kaka, ambaye kodi ya nyumba ilikuwa imemkaba, alishazitumia. Akamtumia na mkataba kwa simu, mama wa kijana asaini kama mlezi. Hayo yote kaka alinieleza usiku ule akiwa amesimama, maji yanamchuruzika kwenye sakafu.

"Kaka, hii tumeisoma pamoja," nikamwambia. "Chini ya kumi na nane hatoki."

"Ndiyo maana nasema weka 2006."

"Na akiumia huko?"

"Haumii. We andika, bwana mdogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, hakuna mtu aliyenipigia simu. Unajua? Hakuna. Wamekuja nina ishirini na tatu, wamenitumia miaka miwili wamenitupa. Huyu ana bahati yake mlangoni, mimi na wewe ndio tuifunge?"

Ningependa kukuandikia kwamba nilikataa. Sikukataa. Niliandika 2006. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu: nikafuta nane, nikaweka sita. Na wala haikuwa mara yangu ya kwanza. Mwaka 2021 niliwaandikia vijana wawili barua za kukata umri kwa ajili ya mashindano, shilingi elfu tano kila mmoja, na siku ile nilikula chipsi kuku. Mimi ambaye nina daftari zima la hadithi ambazo hakuna aliyezisoma, kazi zangu zilizosomwa na kuaminiwa kabisa ni barua zile mbili.

Lakini kidole kilipofika kwenye kitufe cha kuchapisha kikagoma. Nikamwambia kaka, "Wino umeisha." Wino ulikuwepo. Kaka akaitazama printa, akanitazama mimi. Akasema atapita asubuhi, akatoka mvuani.

*

Asubuhi aliyetangulia alikuwa mama wa kijana. Anauza vitumbua, na alikuja na harufu ya mafuta na iliki, kitenge kimefungwa vizuri, karatasi kaziweka ndani ya Biblia zisilowe. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako kanambia nitoe kopi mbili, nimsubiri hapa nisaini."

Nilizichukua. Kurasa tano. Kiingereza. Nikaweka ya kwanza kwenye mashine, mwanga ukapita, karatasi ikatoka ya moto. Yule mama alikuwa ananiangalia.

"We umesoma," akasema. "Hebu nisomee. Yeye kaniambia ni mambo ya mpira tu, lakini mimi napeleka mtoto, sipeleki mpira."

Nikakaa chini. Nikaanza kumsomea kama nilivyokuwa namsomea kaka, Kiingereza kimoyomoyo, Kiswahili kwa sauti. Miaka mitano. Asilimia thelathini ya kila atakachopata. Alipouliza thelathini ni kiasi gani, nikachukua vitumbua kumi kutoka kwenye bakuli lake, nikatenga vitatu. Akavitazama.

"Na hivi vingine vya mwanangu?"

"Kabla ya nauli na chakula, mama. Hapa wanasema gharama zote zinakatwa humo humo."

"Lumbesa," akasema.

Nilipoinua macho, kaka alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Nilitaka kunyamaza. Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye ukurasa wa nne, na yule mama akasema, "Endelea, mwanangu, tusikie wote." Nikaendelea. Kifungu cha kumi na mbili: mchezaji akiumia akashindwa kucheza kwa siku tisini mfululizo, mkataba unakoma, na gharama zote zilizotumika kwa ajili yake zinageuka deni la mchezaji na mlezi wake.

"Mlezi ndiye nani?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Yaani mtoto avunjike huko, halafu deni lije Lizaboni?"

Sikujibu. Fotokopi ilikuwa inaunguruma bure. Kaka akasogea, akauweka mkono wake mezani karibu na vile vitumbua vitatu.

"Soma tena hicho," akasema.

Nikasoma tena. Siku tisini. Akaniambia nisome kwa Kiingereza, kama kilivyo, ingawa nilijua hatayapata maneno yote. Nikasoma. Alikuwa ameinamisha kichwa vile vile kama uwanjani. Nilipomaliza alizikusanya karatasi, ya asili na ile kopi moja ya moto, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "naomba unisamehe. Hii nilipaswa mimi nikusomee. Rudi nyumbani. Usisaini kitu."

Yule mama alimtazama kwa muda. Hakumsamehe pale, wala hakumtukana. Alifunika bakuli lake, akaniuliza, "Kopi shilingi ngapi?" Nikamwambia aache. Akaweka mia moja mezani, akaondoka.

Baada ya hapo kaka alikaa juu ya ndoo yake. Akaniuliza kama wino umepatikana. Nikamwambia ulikuwepo tangu jana. "Nilijua," akasema.

Nikafungua kompyuta mbele yake, nikaifuta ile barua.

*

Kuna hadithi zinazoishia hapo, na mimi mwenyewe nimewahi kuziandika. Maisha hayaishii hapo, yanataka laki tatu za watu zirudi. Kaka aliuza mahindi ya chakula, yale aliyokuwa ameyaweka kufikisha mavuno, akamrudishia yule bwana kwa mafungu mawili. Matusi aliyotukanwa kwa simu siyaandiki humu. Mwezi mzima alikula kwetu, na mama yangu hakumwuliza kitu, alikuwa anaongeza unga tu.

Kijana ndiye aliyeniuma zaidi. Alikuja dukani peke yake, hakusalimia.

"Mmenibania," akasema.

"Nani amekubania, dogo? Una miaka kumi na sita."

"Kina Samatta walibaniwa na nani?"

Nikamwambia, Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, ana miaka kumi na minane. Lubumbashi si mbali hivyo. Alikaa pale mpaka Januari 2016 ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, na Aston Villa ya Uingereza ni 2020. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Kijana hakutaka kuhesabu. Katika umri ule, miaka miwili ni kama kuambiwa usubiri mpaka uzeeke. Alipiga teke ndoo ya kaka, akatoka. Na mimi sikuweza kumwambia kwamba ana uhakika. Hana. Goti lake linaweza kugeuka kesho katika uwanja wenye mashimo hapa hapa Songea, bila mtu kumgusa, na hapo atasema sisi ndio tuliomnyima, na sitakuwa na jibu. Usiku mwingine jambo hili huniamsha.

Alichofanya kaka ni kidogo. Alimtafutia timu ya vijana iliyosajiliwa, yenye karatasi, akaacha kucheza ndondo peke yake. Kijana aliona ni ujinga. Lakini tulikuwa tumelisoma hilo kwenye ndoo: mchezaji akiuzwa nje akiwa bado na mkataba, asilimia tano ya fedha ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka kumi na miwili hadi ishirini na mitatu. Ila ziwe zimesajiliwa. Mtaa uliomfundisha mtoto bila daftari hauna cha kudai, hata kama kila mtu pale anamjua kwa jina la utani. Nilihesabu: kumi na nane yake ya kweli ilikuwa inaangukia 2026. Kaka akaandika mwaka huo nyuma ya jalada la daftari la bluu, kwa kalamu nyekundu, halafu akafunga.

Wiki moja baadaye, saa moja usiku, alikuja tena dukani. Safari hii alisalimia. Alikuwa na zile kanuni za FIFA, kurasa zimeoza pembeni kwa mafuta ya taa, na alikuwa na ule mfuko wa plastiki wenye mkataba wake wa 2012.

"Huu sijawahi kuusoma wote," akasema. "Nilisomewa kifungu kimoja tu."

Tukaanza na huo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lake, limekosewa herufi moja.